Zulia la ukutani la sufu: lifuliwe au liachwe?

Mzabibu_Dom: Wakuu, parokiani kwetu hapa Dodoma kuna zulia la ukutani lililofumwa Ubelgiji, sufu na hariri, upana mita 3, kimo mita 2. Limefubaa kwa vumbi jekundu, lina mipasuko ya mlalo, na nyuma kuna vipunje vigumu mithili ya mchanga. Kamati inataka lifuliwe kabla ya Pasaka. Sabuni gani inafaa?

Kilimani41: Maji vuguvugu na sabuni ya unga kidogo, kisha anikeni kivulini.

Mtande_na_Mshindio: Hapana mkuu, sabuni ya unga ina magadi, na magadi hula sufu na hariri. Rangi nazo zinaweza kuchuja, na hariri ikilowa hupungua nguvu. Huko Mechelen, Ubelgiji, karakana ya De Wit huyasafisha mazulia ya aina hii yakiwa yametandazwa juu ya meza, maji yakipulizwa kama ukungu na kufyonzwa papo hapo. Kwa beseni na kamba, msithubutu.

Hebu vitazameni vile vipunje kwa karibu. Vikiwa na rangi ileile ya uzi ulio jirani, ni kinyesi cha viwavi wa nondo. Hao ndio wa kuanza nao. Livingirisheni kwenye bomba la PVC la inchi 4 au zaidi, lililofunikwa shuka nyeupe ya pamba, uso wa zulia ukiwa nje. Fungeni kwa nailoni tabaka mbili, toeni hewa, zibeni kwa utepe wa gundi. Ombeni nafasi kwenye chumba cha kugandishia nyama, nyuzi -18, wiki mbili. Likitoka, lisifunguliwe kwa saa 24, la sivyo unyevu utatua kwenye sufu badala ya kwenye nailoni.

Vumbi lifuate baada ya hapo. Lilazeni mezani, wekeni juu yake wavu wa dirisha wa plastiki ulioshonewa kitambaa kingoni usikwaruze nyuzi, kisha mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ya chini kabisa. Mdomo uinuliwe na kushushwa, usiburutwe. Anzeni nyuma. Sehemu za kahawia na nyeusi muwe waangalifu zaidi: mara nyingi zilitiwa rangi kwa chumvi ya chuma, na sufu yake huoza mapema.

Mzabibu_Dom: Asante sana mkuu. Na mipasuko? Fundi cherehani anasema ataivuta na kuishona.

Mtande_na_Mshindio: Asiivute. Mazulia haya hufumwa kwa ubavu, kwa hiyo yakitundikwa, mtande (nyuzi za msingi zinazotangulia kutandwa) unalala mlalo na uzito wote unabebwa na mshindio (nyuzi zinazopitishwa kuukatisha). Ndiyo maana mipasuko inapanuka. Ashonee kitambaa cha kitani kwa nyuma, kwa mkono, sindano ikipita katikati ya nyuzi bila kuzitoboa. Ukingo wa juu ushonewe mkanda wa pamba wenye velkro laini ya sentimita 5. Velkro ngumu, ile inayonasana na laini, ipigiliwe kwenye ubao, ili uzito ugawanyike upana mzima. Pete na misumari ving'olewe.

Kilimani41: Na lisirudi ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Rangi ikishafifia, hakuna fundi wa kuirudisha.