Naomba ushauri: kalibresheni (kusahihisha vipimo) ya kifaa cha kurekodi volti

Ndugu wanajamii, naomba msaada wenu. Nina kifaa cha kukusanya data chenye njia nane za kupokea volti, cha biti 12 (yaani hugawa kipimo chake katika hatua 4,096), kinachopima volti 0 hadi 5, hivyo kila hatua yake ni takriban milivolti 1.22. Nikikipa volti 2.500 kutoka chanzo thabiti, njia saba husoma sawasawa, lakini ya nane husoma 2.531, yaani hatua zipatazo 25, kiasi ambacho siwezi kukiita kelele za umeme. Nimekiacha kipate joto nusu saa, nimebadilisha nyaya na kusahihisha sifuri, lakini kosa bado linakua kadiri volti zinavyopanda.

Je, inatosha kuisahihisha njia hiyo ndani ya programu kwa vipimo viwili, tuseme volti 0.5 na 4.5, au hii ni dalili ya rezista iliyoharibika kwenye ingizo lake?