Mjadala: Wanaovaa mavazi ya vikatuni waendelee kuruhusiwa wodi za watoto?

Mtoa mada:

Wakuu, habari za leo. Nimekuja na hoja inayonikera moyoni, naomba tuijadili bila kutupiana maneno.

Kila sikukuu zikikaribia, vikundi vya vijana huingia wodi za watoto wakiwa wamevaa usungura, u-Baba Krismasi, uklauni, yaani uchekeshaji wa pua nyekundu. Wanaleta juisi, sabuni na biskuti, wanacheza kidogo, wanaondoka. Wapo wanaotaka wapigwe marufuku, kwamba hospitali si ukumbi wa sherehe. Wapo wanaosema mtoto anayeumwa akicheka, nusu ya dawa ameshapata. Mimi nasema waingie, ila mtoto awe na haki ya kuwakataa.

Mwaka juzi nilimuuguza mwanangu wiki tatu. Alivunjika paja, mguu ukawa umevutwa kwa kamba na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Ana miaka minne. Jumamosi moja akaingia sungura mweupe, kichwa kikubwa kama pipa, macho hayapepesi, nyuma yake watu na simu juu. Mwanangu alianza kulia sungura akiwa bado mlangoni. Kukimbia hawezi, mguu umefungwa. Yule kijana ndani ya vazi akadhani mtoto analia kwa maumivu, akasogea zaidi ili ambembeleze. Nikavua mtandio nikamfunika uso, na humo ndani alitetemeka mpaka zile kamba zikawa zinatikisika. Kuna mtu alikuwa bado anarekodi.

Hebu fikirini siku ya mtoto wodini. Kila anayesogea kitandani ana jambo la kumfanyia: kumchoma, kumbadilishia bandeji, kumnywesha dawa chungu. Akisema "sitaki" anashikwa mikono, na ni lazima ashikwe, ndiyo matibabu. Basi klauni anaweza kuwa mtu pekee hospitali nzima ambaye mtoto anaruhusiwa kumfukuza. Akimfukuza na yeye akatoka kweli, huyo mtoto ameamua jambo siku hiyo. Kwangu mimi hiyo ni kubwa kuliko kicheko.

Waliobobea kwenye kazi hii wanalijua. New York ilianza kuifanya kwa mpango mwaka 1986, pale Michael Christensen wa kundi la sarakasi la Big Apple Circus alipounda kikosi cha maklauni wa hospitali. Ufaransa walifuata mwaka 1991 na kikundi cha maklauni cha Le Rire Médecin: wanaingia wawili wawili, wamefunzwa, wanalipwa, na kabla ya kuvaa pua wanakaa na wauguzi waelezwe nani kaamkaje, nani anasubiri upasuaji, nani asisogelewe. Kisha wanabisha hodi, na mtoto akitikisa kichwa wanarudi walikotoka. Sisi tunafungua mlango kwa yeyote aliyebeba katoni ya juisi. Tujadili.

Mchangiaji, muuguzi wa watoto:

Mtoa mada, pole sana kwa yaliyokukuta. Nina miaka kumi na moja wodini, na mimi ningeanza na usafi kabla ya hiyo haki ya kukataa. Lile vazi la manyoya limefuliwa lini? Limekumbatia watoto wangapi kabla ya kufika kwa wangu wa saratani, ambaye kinga ya mwili imeshuka na hata mama yake namwambia anawe mikono upya kila anapomgusa? Mtoto aliyeungua moto ana kidonda wazi. Naambiwa "dada, ni dakika mbili tu."

Jambo la pili, wanatuvuruga. Kuna utafiti uliofanyika Florence, Italia, ukachapishwa mwaka 2005. Watoto 40, nusu yao walisindikizwa na maklauni mpaka wanapolazwa usingizi wa upasuaji. Hofu yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao, sikatai. Lakini wengi wa wafanyakazi wa pale hawakutaka mpango uendelee, kwa sababu kazi zilikuwa zinakwama. Nilipousoma niliwaelewa kabisa.

Mchangiaji, mmoja wa wanaovaa:

Naomba kutofautiana nanyi kidogo, wakubwa zangu. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 24 zenye watoto 1,612, na kwa sehemu kubwa maklauni walionekana kupunguza wasiwasi wa watoto. Hatuji kupoteza muda wa watu. Tunachangishana wenyewe, hakuna anayetulipa nauli. Na zile picha mnazolalamikia ndizo tunazowaonyesha wanaotuchangia. Bila picha, mwakani hakuna sabuni wala biskuti.

Mtoa mada:

Dada muuguzi, hapo kwenye manyoya umenizidi, sikuwa nimewaza. Nakubali: kisichofulika kisiingie. Kuhusu kuwavuruga, ndiyo maana nasema wakae kwanza na ninyi; hao wa Ufaransa ratiba wanaipata kwa wauguzi.

Mdogo wangu unayevaa, nashukuru umejitokeza. Kwenye picha sitakubaliana na wewe hata kidogo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na afya ya mtu ni taarifa nyeti. Mwanangu akikua asije akajikuta mtandaoni analia, mguu juu, kwa ajili ya katoni ya biskuti. Piga picha maboksi, piga risiti, piga kikundi chenu getini.

Ila kuna kitu sikukisema mwanzo, na ni haki nikiseme. Kitanda cha pili yetu alilala binti wa miaka kama saba, alikuwa hali wala haongei. Sungura yuleyule alimpungia mkono, binti akampungia. Jioni ile alikula uji nusu kikombe, mama yake akaja kunionyesha kikombe. Jumamosi iliyofuata akaamka anauliza sungura anakuja saa ngapi. Hakuja. Wala Jumamosi ya baada ya hapo.

Kwa hiyo njooni, mdogo wangu, njooni wiki zisizo na sikukuu. Acheni simu kwa mlinzi. Na kile kichwa kiingie mkononi: mtoto auone uso wako kwanza, umwulize kama ukivae, naye akisema hapana kikae chini ya kiti.