MJADALA: Timu za vyuo vya Tokyo 1934 zilikuwa za Wajapani kweli?

Mpekuzi wa Ilala: Wakuu za jioni. Kazini tumebishana mpaka chai imepoa. Futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya kuvimbisha, Japani ilianzia vyuoni mwaka 1934: Rikkyo, Meiji na Waseda. Mwalimu mmoja wa Rikkyo, Mmarekani Paul Rusch, ndo alikuwa mstari wa mbele kuanzisha ligi ya wanafunzi. Novemba 29 mwaka huohuo vyuo vikaunda timu ya mseto wakacheza na wazungu wa klabu ya Yokohama, wakawachapa 26-0. Sasa wachezaji wengi walikuwa nisei, watoto wa Wajapani waliozaliwa Marekani wakaja kusoma. Uanzilishi huo tuwape nani, Japani au Marekani?

Kobe Mzee: Mpira unabebwa kwapani mnauita futiboli halafu mnataka mjadala. Si uliletwa na jeshi la MacArthur huo, yule jenerali wa Marekani?

Binti Mchanga: Mzee wangu MacArthur kaingia 1945, toa 1934 hapo, hesabu ya darasa la pili hiyo. Rusch alifika 1925 na YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, baada ya tetemeko la 1923, akabaki anafundisha. Gwanda za jeshi alirudi nazo baada ya vita.

Kobe Mzee: Darasa la pili nimerudi nimekaa. Ila hao bado ni Wamarekani wenye sura ya Kijapani, wachezaji wa kuazima tu.

Mbeba Boksi: Wa kuazima?? Mwanangu kazaliwa Minnesota, anakula ugali na dagaa, bibi yake akipiga simu anaamkia shikamoo, na kila tukija Dar mimi napita foleni hii yeye anapangwa na watalii analipiwa dola 100 ya viza, kila nikimwona pale na kibegi chake mgongoni roho inaniuma, alafu wewe umekaa zako kwenye kiti unasema wa kuazima

Kobe Mzee: Sijamtaja mwanao ndugu yangu, nimetaja Wajapani.

Mbeba Boksi: Umemtaja.

Chaha wa Kisii: Poleni majirani, sisi tulimaliza hii stori na katiba ya 2010, uraia pacha uko.

Kobe Mzee: Na nyie Kenya mmeingiaje humu? Hata huyo mtoto akipewa uraia, vita ikija atashika bunduki ya nani?

Binti Mchanga: Afadhali umeuliza vita. Wakati wa vita Japani ilichukia maneno ya Kiingereza, mchezo wakaubatiza gaikyu, yaani mpira wa dirii, na 1943 ukasimama kabisa. Vita kuisha tu vijana wakaurudia, 1947 ikachezwa Koshien Bowl ya kwanza, mechi kubwa ya vyuo, Keio akampiga Doshisha 45-0. Mchezo wa kuazima haufufuki hivyo.

Mpekuzi wa Ilala: Mpira wa dirii! Kobe ushapata jina lako. Haya uanzilishi wa Japani au Marekani jamani, kesho naulizwa

Mbeba Boksi: Asante dada. Kobe hajanijibu bado.

Kobe Mzee: Nijibu nini, hadhi maalum ya wenye asili ya Tanzania walio raia wa nje si mmeshapewa?

Mbeba Boksi: Hadhi maalum inapiga kura?

Chaha wa Kisii: Hiyo dola 100 ni hata kwa mtoto mdogo?