Ushauri: Inverta ya wati 2,000 inajizima kila birika la umeme linapowashwa ndani ya gari la kuishi safarini

Mpenda Barabara (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Naomba msaada kuhusu umeme wa gari letu la kuishi safarini. Upande wa kuishi wa gari una betri mbili za risasi na asidi, kila moja ya ampea-saa 100, zilizounganishwa sambamba ili mfumo ubaki wa volti 12. Juu ya paa kuna paneli ya sola ya wati 200, na chini ya kiti cha nyuma kuna inverta (kifaa cha kubadilisha umeme wa betri kuwa wa soketi) iliyoandikwa wati 2,000, ambayo tuliikuta imeshafungwa wakati tunalinunua gari.

Shida ya kwanza ni birika la umeme la wati 1,800. Tukiliwasha, inverta hupiga kelele kwa sekunde chache kisha hujizima, ilhali kipimo cha ukutani kilikuwa kinaonyesha volti 12.6 muda mfupi kabla ya hapo. Ya pili ni maikrowevu iliyoandikwa wati 800: hufanya kazi ikiwa peke yake, lakini friji ikiamka katikati, kila kitu huzimika. Ya tatu ni friji yenyewe, ndogo ya kawaida ya nyumbani. Asubuhi ya kwanza tukiwa tumeegesha mambo huwa sawa, ila asubuhi ya pili tunakuta inverta inalia na betri zimeisha.

Ili soketi zote za ndani zipate umeme, huwa nachomeka kwenye inverta ule waya wa nje ambao kwa kawaida huunganishwa na umeme wa eneo la maegesho. Muuzaji mmoja ameniambia dawa ni kununua inverta ya wati 3,000. Je, ni kweli?

Fundi Ampea

Ndugu mwanzisha uzi, tafadhali usitoe fedha kwanza. Inverta haizalishi umeme. Inaubadilisha tu ule uliomo kwenye betri, na kwa dalili ulizozieleza, inakatiwa chakula kabla haijashiba. Ukiweka ya wati 3,000 kwenye betri na nyaya zilezile, birika litazimika kama linavyozimika sasa.

Piga hesabu pamoja nami. Wati 1,800 ukizigawanya kwa volti 12 unapata ampea 150. Inverta nayo hupoteza kitu kama asilimia 10 hadi 15 kwa joto, na volti za betri hushuka mzigo unapoingia, kwa hiyo mkondo halisi unaopita kwenye nyaya hizo unakaribia ampea 185. Ukutani, kwenye volti 230, birika hilohilo huvuta ampea 8 hivi, ndiyo maana watu wengi hushangaa kuona waya mnene kama kidole ukihitajika kuendesha kifaa chenye waya mwembamba wa kawaida. Inverta nyingi za volti 12 hupiga kelele volti zinapokaribia 11 na hukata karibu na 10.5, na kinachohesabika ni volti zinazoifikia inverta yenyewe. Zile 12.6 za kipimo chako ni za betri iliyopumzika, hazisemi lolote kuhusu hali ilivyo birika likiwa limewaka.

Fanya hivi. Chukua multimita, shika ncha zake kwenye vichwa vya betri, mwambie mwenzako awashe birika, usome namba kabla inverta haijakata. Rudia kipimo hicho kwenye vichwa vya inverta. Tuletee namba zote mbili, pamoja na unene na urefu wa nyaya.

Dada Msafiri

Nakubaliana na Fundi kuhusu nyaya, lakini mimi nauliza: kwa nini birika la wati 1,800 kwenye gari? Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji takribani wati-saa 93, na ukijumlisha joto linalopotea kwenye birika pamoja na upotevu wa inverta, unafika wati-saa 125 hivi, yaani karibu ampea-saa 10 za betri. Kiasi hicho hakibadiliki sana hata birika likiwa la wati 800. Tofauti ni kwamba utasubiri dakika nane hivi badala ya nne, na mkondo utashuka chini ya nusu. Birika dogo la wati 800 litaendeshwa na vifaa ulivyonavyo sasa bila kelele. Kama gari lina jiko la gesi, chemsha hapo na mjadala wa birika uishe.

Kuhusu maikrowevu, ile 800 iliyoandikwa mlangoni kwa kawaida ni nguvu inayoingia kwenye chakula, si ile inayovutwa kutoka kwenye soketi. Geuza usome kibandiko cha nyuma. Usishangae ukikuta wati 1,200 au zaidi. Sasa ongeza kompresa ya friji, ambayo ikishaanza huvuta labda wati 90 tu, lakini katika ile nusu sekunde ya kuamka inaweza kuvuta mara kadhaa ya hapo. Zikikutana, zinaivuta inverta chini ya kikomo kwa pamoja. Zima friji kwa dakika chache unapopasha chakula. Haitapoteza baridi wala kuharibu kitu.

Angalia pia kama inverta hiyo inatoa umeme wa wimbi safi (laini kama wa ukutani) au wimbi la ngazi (unaopanda na kushuka kwa vipande). Kwenye wimbi la ngazi maikrowevu huunguruma na kupasha kivivu, mota na kompresa hupata joto kupita kawaida, na baadhi ya chaja ndogo huungua. Haikatazi taa wala chaja ya kompyuta, ila friji singeiamini hapo.

Mzee wa Sola

Mwanangu, hapo juu wamezungumzia nguvu. Mimi naomba nizungumzie akiba, kwa sababu friji yako haina tatizo la nguvu hata kidogo.

Tuseme kompresa inavuta wati 90 na inafanya kazi theluthi moja ya muda. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 720 hivi. Inverta nayo ina gharama yake ya kukaa macho hata kama hakuna kifaa kilichochomekwa, na kwa inverta ya ukubwa huo wati 15 hadi 20 ni jambo la kawaida. Kwa siku nzima unapoteza wati-saa 400 na ushee kwa ajili ya kusubiri tu. Pamoja na upotevu wa kubadilisha umeme, siku moja ya friji inakugharimu karibu wati-saa 1,200. Betri zako mbili zina wati-saa 2,400 kwa maandishi, lakini betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaifupishia maisha, kwa hiyo akiba yako halali ni wati-saa 1,200 tu. Paneli ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa, siku ya jua zuri, inarudisha labda wati-saa 600 hadi 800. Kila siku unapungukiwa, na asubuhi ya pili ndiyo deni linapodaiwa, kabla hata sijahesabu taa, pampu ya maji na runinga.

Suluhisho la kudumu ni friji ya kompresa ya volti 12, inayounganishwa moja kwa moja na betri, kwa sababu inaiondoa inverta kwenye hesabu za usiku kabisa. Runinga na chaja za kompyuta pia zina aina zake za volti 12. Inverta ikibaki na kazi ya maikrowevu peke yake, utaiwasha dakika tano na kuizima. Zingine zina hali ya kusinzia na kuamka mzigo unapotokea, lakini friji yenye udhibiti wa kielektroniki wakati mwingine huvuta kidogo mno kuiamsha, na hapo chakula kinaharibika kimyakimya.

Waya Mnene

Naona kila mtu amepita juu ya jambo ambalo mimi limenishtua zaidi: huo waya wa nje uliochomekwa kwenye inverta. Soketi za gari zinapopata umeme kwa njia hiyo, chaja ya betri nayo hupata, kwa kuwa iko kwenye mfumo huohuo. Betri inaendesha inverta, inverta inaendesha chaja, chaja inajaza betri, na katika kila hatua sehemu ya umeme inageuka joto. Hiyo peke yake inaweza kula mamia ya wati-saa kwa siku. Kila unapotumia inverta, chaja ikatwe kwenye swichi yake, na kama kuna hita ya maji au friji ya gesi yenye kipengele cha umeme, navyo vikatwe.

La hatari zaidi ni usalama wa watu. Inverta na umeme wa nje visikutane kamwe kwenye nyaya zilezile, na kumbukumbu ya binadamu si kinga ya kutosha. Wekeni swichi ya kubadilishia inayoruhusu chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja. Vilevile inverta nyingi ndogo hazijaunganisha waya wa nyutro (wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa usalama), na katika hali hiyo kile kikatizi kinachomlinda mtu dhidi ya kupigwa na umeme hakiwezi kufanya kazi yake. Namna ya kuunganisha imeelezwa kwenye kitabu cha inverta husika. Kazi hiyo mpeni fundi umeme mwenye sifa.

Mpenda Barabara

Nawashukuru nyote, shikamoo Mzee wa Sola. Nimepima. Birika likiwa limewashwa, kwenye vichwa vya betri nimepata volti 11.6, na kwenye vichwa vya inverta 10.4. Nyaya ni za milimita 25 za mraba, urefu wa mita tatu kila upande. Mwisho mmoja wa waya chanya, pale kipande cha shaba kilipobanwa, ulikuwa wa moto kiasi kwamba sikuweza kuushika, na plastiki yake imeanza kubadilika rangi. Friji tumeamua kuibadilisha kwa ya volti 12. Je, fyuzi iliyopo, ya ampea 250, inatosha? Na kama nitahamia betri ya lithiamu, nyaya hizi zitafaa?

Fundi Ampea

Volti 1.2 zinapotea njiani, na kwa ampea 185 hizo ni wati 220 na zaidi zinazopashia joto ubavu wa gari lako. Nyaya zenyewe, kwa unene na urefu huo, zinaelezea volti 0.8 hivi. Zile 0.4 zilizobaki nyingi zinapotea kwenye viungio, na kama sehemu kubwa iko kwenye hicho ulichokigusa, basi makumi ya wati yanachomea mahali padogo kama ukucha. Usiwashe birika tena mpaka kiungio hicho kikatwe na kubanwa upya kwa koleo la hidroliki.

Inverta isogezwe karibu na betri ili waya usizidi mita moja na nusu kila upande, nao uwe wa milimita 70 za mraba. Upotevu kwenye waya utashuka hadi volti 0.15 hivi. Isiwekwe juu ya betri za asidi zenye matundu, maana hutoa gesi ya hidrojeni zinapochajiwa, na iachiwe nafasi ya kupumua.

Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, si inverta. Ampea 250 ni sahihi kwa inverta ya wati 2,000 kwenye waya wa milimita 70, lakini kwa waya wa milimita 25 ulionao sasa ni kubwa mno: waya utaungua kabla fyuzi haijakatika. Iwekwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.

Kwa lithiamu, soma mipaka ya kidhibiti kilichomo ndani ya betri. Betri moja ya ampea-saa 100 mara nyingi inaruhusu ampea 100 tu mfululizo, yaani wati 1,100 hivi kwenye soketi, na birika lako litaizima palepale. Mbili sambamba zitatosha kwa shida. Hapo tumia fyuzi ya daraja T, kwa kuwa mkondo wa shoti wa lithiamu unaweza kuzishinda fyuzi za kawaida. Chaja nayo lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, na betri isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0.