Softiboli ya Jumapili 🥎 (wanachama 23)

Jumatano

Mama Tariq 18:41
Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni wote. Jumapili saa 10 jioni tunacheza na wale wa jezi za kijani. Nataka majina 10 kabla ya Ijumaa usiku. Tukifika chini ya 8 mechi imekwenda, na ada tumeshalipa.

Mama Tariq 18:42
1. Mama Tariq
2. Fundi Baraka
3.

Mama Tariq 18:42
Nakili, ongeza jina lako, tuma. Usifute la mwenzako.

Mama Tariq 19:30
Naona watu 14 wameshasoma.

Otieno 19:52
Mimi niko. Lakini natoka kazini saa 9, nitafika na njaa. Nani anapika?

Fundi Baraka 19:53
Biriani

Otieno 19:53
Pilau

Da Neema 19:54
Si tulikubaliana hakuna kuongelea chakula kabla ya mechi? Baada ya yale ya birika?

Fundi Baraka 19:54
😂😂😂 birika

Otieno 19:55
Jamani birika 😭😭

Mama Tariq 20:02
Chakula baadaye. Kuna jambo la maana. Yule mpigaji wao mrefu wa mkono wa kushoto, mnamkumbuka. Tariq aliandika yote kwenye daftari. Mwezi wa saba alipiga mara nne, tatu zilikwenda kulia, zile kali za chini. Kwa hiyo akiingia yeye tunahama. Tunaweka Mtego.

Mama Tariq 20:06
Mpango ni huu. Mmoja kwenye besi ya kwanza. Wawili kati ya ya kwanza na ya pili. Mmoja nyuma ya besi ya pili. Watatu nyuma kabisa, wote wavutwe kulia. Kushoto abaki mtu mmoja mwenye mbio. Baraka, wewe ukisharusha rudi nyuma hatua tano uangalie kushoto, uwe kama mtu wa ziada. Na safari hii akiwepo mtu besi ya pili HATUHAMI, maana ya tatu inabaki haina mwenyewe.

Fundi Baraka 20:09
Si walikataza hiyo?

Mama Tariq 20:11
Imekatazwa ligi kuu ya besiboli, 2023. Kule lazima walinzi wawili wa ndani wawe kila upande wa besi ya pili. Hii ni softiboli ya mtaani. Kanuni zetu nimezisoma mwenyewe: mrushaji na mdakaji wa nyuma ndio wenye mahali pao, wengine simama popote ndani ya mistari.

Otieno 20:12
Kama mtego wa kuotea. Beki mmoja akisahau kupanda, kwisha

Da Neema 20:13
Wewe ndiye huwa unasahau kupanda

Bi Mwanaidi 20:31
Mie niwekeni karibu na mpigaji. Nimecheza rede Tanga utoto wangu wote, mpira wa chini haunipiti.

Otieno 20:32
Bi Mwanaidi hiyo inaitwa kati

Bi Mwanaidi 20:33
Kwenu. Kwetu rede.

Fundi Baraka 20:33
Rede mtu anakwepa mpira. Hapa tunataka audake.

Bi Mwanaidi 20:35
Anayejua kukwepa ndiye anayejua unakokwenda. Uliza wenzangu.

Otieno 20:36
Hapo amekumaliza

Mama Tariq 20:40
Bi Mwanaidi yuko ndani, nafasi ya 4. Jamani huu Mtego sikuuota. Lou Boudreau, meneja wa Cleveland, hapa hapa Ohio kwetu, aliuweka tarehe 14 Julai 1946 dhidi ya Ted Williams, mpigaji wa Boston. Mechi ya kwanza siku hiyo Williams aliwapiga "home run" tatu, zile za kuzunguka besi zote. Mechi ya pili Boudreau akahamisha karibu timu nzima kulia. Naye Williams alikuwa wa mkono wa kushoto kama huyu wetu.

Mama Tariq 20:58
Mbona kimya? Bado majina sita.

Otieno 21:04
*[stika]*

Fundi Baraka 21:04
🤣🤣🤣 Mlango Wazi

Da Neema 21:06
Otieno 🙈

Alhamisi

Kamau 05:47
Naona stika yangu bado mnayo.

Kamau 05:49
Mama Tariq umesema tatu zilikwenda kulia. Na ya nne? Sema ya nne.

Kamau 05:55
Ya nne mlikuwa mmeshahama wote. Watu wao wawili walikuwa kwenye besi. Mimi peke yangu kushoto, kutoka mstari mpaka katikati. Akausukuma taratibu upande wangu, mpira ukaviringika mpaka kwenye uzio, pointi 3. Nilikimbia mpaka mguu ukashika. Halafu pale kwenye maegesho nikaitwa Mlango Wazi mbele ya watoto wangu. Wiki tano sijaandika kitu humu.

Kamau 06:01
Na hiyo hadithi ya Williams malizia. Tarehe 13 Septemba mwaka huo huo, Cleveland, wakamwekea Mtego. Akapiga kushoto kulikokuwa wazi, akazunguka besi zote nne kwa mbio. Boston wakashinda 1-0, na wakachukua ubingwa wa ligi yao siku ile ile.

Kamau 06:04
Yeye alikuwa anarushiwa mpira wa kasi. Sisi tunarusha polepole, wa kupanda juu kisha unashuka. Mpigaji anausubiri, anachagua ampigie nani. Ameshajua kwamba mnahama. Atapiga kushoto tena.

Mama Tariq 07:15
Kamau nimesoma. Lakini Oktoba St. Louis nao walihama, Williams akapata mipigo 5 tu katika zamu 25, na Boston wakakosa World Series, ile fainali ya besiboli. Mtego unafanya kazi. Siku ile ilikuwa bahati yake.

Kamau 07:16
Sawa.

Fundi Baraka 07:40
Bro ilikuwa utani tu

Kamau 07:41
Wako.

Mama Furaha 12:20
Bandugu, mimi nakuya na batoto bangu babili, lakini nyuma ya kanisa. Mutungoye kidogo.

Mama Tariq 12:24
Mama Furaha asante. Saa 10 kamili lakini, mwamuzi hasubiri. Wewe na watoto mnakuwa 5, 6, 7. Otieno 3. Bado watatu.

Mama Furaha 12:26
Kanisa inaisha wakati Mungu anapenda 🙏🏾

Mzee Salehe 16:33
Salaam kwenu nyote.

Da Neema 16:34
Shikamoo mzee

Otieno 16:34
Shikamoo

Mzee Salehe 16:41
Marahaba. Nimesoma yote, tangu jana. Siku ile nilikuwa nimekaa pale chini ya mti, niliona. Kijana alikimbia. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyekimbia kama yeye jioni ile. Mlimwachia nusu ya uwanja, halafu mkamcheka kwa kuwa nusu ya uwanja ni kubwa. Aliyepanga ndiye wa kuulizwa, si aliyesimama alipowekwa. Na jina lile sitaki kulisikia tena humu, wala picha yake.

*Ujumbe huu umefutwa*

Otieno 17:20
Nimeifuta mzee. Kamau nisamehe ndugu yangu. Sikujua watoto walisikia.

Fundi Baraka 17:26
Hata mimi. Pole Kamau.

Mama Tariq 19:48
Mzee nimekusikia. Kamau, mimi ndiye niliyekuweka pale. Tariq aliniambia mapema, mama kuna watu wawili kwenye besi, usihame. Nikamwambia anyamaze. Kosa langu lilianzia hapo, halafu nikaacha wewe ulibebe. Nisamehe.

Mama Tariq 19:56
Kuhusu Jumapili. Bado naamini tuhame, lakini tusihame wote. Bi Mwanaidi asimame kushoto mbele, karibu na besi ya tatu. Kamau nyuma yake, kama atakuja. Kulia tupunguze mmoja.

Fundi Baraka 20:03
Mmoja yupi? Hao wawili kati ya ya kwanza na ya pili ndio Mtego wenyewe. Ukitoa mmoja hakuna mtego, kuna tundu

Mama Tariq 20:05
Wa nyuma kulia.

Fundi Baraka 20:06
Huyo ndiye anayedaka ile mirefu. Mimi narusha, mimi najua anapopiga. Mimi sikubali

Bi Mwanaidi 20:10
Kushoto mie nasimama. Nyuma yangu namtaka Kamau, simtaki mwingine.

Ijumaa

Mama Tariq 17:30
Leo ndiyo mwisho. Tuko 8 na Da Neema. Nafasi ya 9 nimemwachia Kamau. Hassani? Mama Joy? Bisimwa? Nawaona mko hewani.

Bisimwa 18:15
👍🏾

Mama Tariq 18:16
Bisimwa 👍🏾 ya kusoma au ya kuja?

Mama Tariq 18:50
Bisimwa?

Da Neema 19:02
Samahani, mfuko wa glavu uko kwa nani? Hatujacheza tangu ile ya mwezi wa saba, mechi zile mbili zilikwenda na mvua.

Otieno 19:03
Chicago wanacheza bila glavu, mpira wa inchi 16, mikono mitupu

Da Neema 19:03
Wetu ni wa 12 na ni mgumu, nenda ukadake wewe

Fundi Baraka 19:05
Kwangu haupo

Mama Tariq 19:06
Wala kwangu. Nani aliubeba siku ile?

Kamau 21:38
Uko kwenye buti ya gari langu. Zilikuwa na maji, nilizianika zote.

Kamau 21:40
Zamu yangu ya kazini Jumapili naambiwa kesho. Nikipewa nafasi nitauleta mwenyewe. Nisipopewa, Otieno pitia nyumbani saa 9 na nusu uuchukue.

Otieno 21:41
Nitapita hata kama unakuja. Twende pamoja.

Mama Tariq 21:44
Sawa Kamau. Baraka, bado hujanijibu ile ya nyuma kulia.