Nimemaliza Better Call Saul, sasa nahamia wapi?

Mzee wa Sizoni: Wakuu, nimetoka kuimaliza na kila series ninayoigusa saa hizi naona ya kitoto. Breaking Bad nilishaiona, ila hii jamani, tena haina haraka kabisa. Ile kesi ya sizoni ya 3, wakili Jimmy anamhoji kaka yake Chuck, yule anayesema umeme unamuumiza mwili, mpaka taa zimezimwa kwa ajili yake, halafu Jimmy anamwambia hebu angalia mfuko wako wa kifuani, mzee anapapasa anakuta betri ya simu, ina zaidi ya saa nzima imelala humo na hakuhisi kitu!! Hapo kaka mtu anapandwa na hasira anaanza kubwabwaja mpaka anajimaliza kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna risasi wala kukimbizana, watu wamekaa tu kwenye viti na mimi huku nimesimama. Nipeni za hivyo, Money Heist na Squid Game nishaziona, tamu ila hazikati hii arosto.

Kiroboto: Mimi ilinishinda mkuu. Sizoni hiyohiyo ya 3 inaanza yule mzee Mike, polisi wa zamani, anafumua gari lake zima kutafuta kifaa cha kumfuatilia, dakika na madakika hakuna anayeongea, nikasema hapana, nina kazi kesho

Mzee wa Sizoni: Sasa si hapo ndo kwenye utamu?? Kifaa kilikuwa kwenye kifuniko cha tenki la mafuta, wewe umeondoka na usingizi wako

Bi Rimoti: Nyie mnajua hiyo series ilitajwa kuwania tuzo za TV za Emmy mara 53 na haikuambulia hata moja? Mpaka leo inaniuma. Haya kaka, angalia Chernobyl ya 2019, ya ajali ya kinu cha nyuklia, episodi 5 tu. Na kwa kuwa unapenda kesi, ya mwisho ni mahakamani, mwanasayansi Legasov ana vibao vyekundu na vya bluu, vyekundu vinaongeza nguvu ya kinu, vya bluu vinaipunguza, anavipanga kimoja kimoja mpaka mtu uliyekimbia fizikia unaelewa. Ila Legasov wa kweli hakuwepo kwenye ile kesi, hapo wametunga

Dalali wa Series: The Wire. Sizoni 5, kila moja inakupeleka kona nyingine ya jiji la Baltimore, Marekani, wauza unga, bandarini, wanasiasa, shule, gazeti. Episodi za mwanzo majina yatakuchanganya, usirudishe nyuma we twende tu. Na ukisikia mtu anapiga mluzi ujue Omar, jambazi anayewapora wauza unga, yuko njiani, watoto wote wanakimbia

Mzee wa Sizoni: Naanza na Chernobyl basi maana ni fupi, ila mwisho wake si tunaujua, kinu kililipuka 1986

Bi Rimoti: Kulipuka kwenyewe kunatokea dakika za mwanzo kabisa kaka, kaa utulie

Kiroboto: Dakika za mwanzo? Basi na mimi nimo