"Viti viko kule, mzee": huyu bwana wa maiki leo simstahi

Pweza_Mkavu:

Wana Mombasa, naandika mkono watetema, na si kwa uchovu. Jina simtaji. Hana haja ya kutajwa. Kofia nyeupe, tumbo limetangulia, maiki haimtoki mkononi. Harusi yeye, matanga yeye, mashindano ya ngalawa yeye, kufungua kisima yeye. Mshamjua. Haya.

Huyo leo kaniambia, "Viti viko kule, mzee."

Nimeambiwa wapi? Kwenye mstari wa mwisho wa triathloni! Nimeogelea kilomita 1.5. Nimekwea baiskeli kilomita 40, kwenda Mtwapa na kurudi, kisha tena, ngozi ya makalio nimeiacha kwenye siti. Nimekimbia kilomita 10 jua la saa saba, lami yachemka mpaka viatu vyanata. Chumvi imenikaukia kwenye nyusi. Namba niliyochorwa mkononi imeyeyuka imekuwa doa. Nafika mwisho, nimeinua mikono miwili, macho nimefumba, nangoja jina langu litoke kwenye spika, maana ada nililipa na fomu nikaijaza kwa herufi kubwa ili lisikosewe.

"Mzee! We mzee! Viti viko kule. Anza na vya plastiki, vya kitambaa mwachie mwenzako."

KWA MAIKI. Muuza madafu ng'ambo ya barabara aligeuka kutazama viti.

Nilipofumbua macho, lile tao la upepo washalitoa hewa, limelala mchangani kama papa aliyevuliwa jana. Nililiruka. Mtu mzima naruka tao! Boksi la medali liko chini ya meza, juu yake kreti la soda. Kijana mmoja akachomoa medali moja, utepe wake umelowa soda ya machungwa, akanivika huku atazama simu. Na yule bwana nyuma bado, "Mzee, viti."

Mama watoto alikuwa pale arekodi. Kwenye video yasikika wazi kabisa, sauti safi, hakuna hata upepo. Video iko kwenye kundi la ukoo. Shemeji yangu wa Lamu keshaifanya mlio wa simu. Nampigia salamu, simu yake yaita nyumbani kwake, mimi huku najua huko chalia nini.

Na mjue kilichonichelewesha ni yeye! Tuliitwa tufike alfajiri, tuanze saa kumi na mbili na nusu. Mgeni wa heshima hajafika. Bwana akashika maiki. Akatupa historia. Mara triathloni iliingia Olimpiki Sydney mwaka 2000. Mara Hawaii mwaka 1978, wanaume 15 walianza, 12 wakamaliza, waliogelea karibu kilomita nne, baiskeli 180, kisha marathoni nzima. Akatuomba tuwapigie makofi wale 12. Tukapiga, tumevaa vichupi, baridi ya asubuhi yatukata. Yaani waliomaliza Hawaii miaka hiyo wawajua kwa hesabu, mimi niliyemaliza mbele ya pua yako leo ndiye mtu wa viti?

Tumeingia majini saa mbili na nusu. Maji yenyewe yashaondoka.

Nataka aniombe radhi, kwa maiki ile ile, spika zile zile. Na asinijie na "sikujua". Nilivaa nguo ya kubana rangi ya chungwa! Mbeba viti gani huyo? Semeni!

Mamake_Zai:

Pole sana baba. Hilo ni tusi, tena tusi la mchana. Nina swali moja tu. Ulivibeba?

Pweza_Mkavu:

Hilo si swali.

Chura_wa_Mtwapa:

Alivibeba.

Binti_Kibokoni:

Alivibeba 😂😂 mimi nilikuwepo! Nilimwona ana vinne mkononi na medali shingoni. Nikamwambia dada yangu, tazama kampuni ya viti siku hizi yawapa wafanyakazi medali.

Pweza_Mkavu:

Vile nilikuwa naviondoa njiani NIPITE. Nawaambia mtu kavunjiwa heshima, nyinyi mwahesabu viti.

Nahodha_Mstaafu:

Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi wa uokozi, basi mniache niseme la majini. Mwezi mpevu ulikuwa juzi. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi. Mvuvi yeyote wa hapa amka usingizini umuulize, atakwambia bamvua la Mombasa maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kuweka watu waogelee asubuhi siku ya bamvua, tena ukawachelewesha, ni kuwaandalia matembezi. Ndani ya mwamba pale Bamburi mchanga ulishaanza kutoka. Sikumwokoa mtu hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele "tazameni mnapokanyaga, kuna miiba".

Chura_wa_Mtwapa:

Subiri kwanza. Kwa hivyo ile kilomita 1.5 alitembea?

Nahodha_Mstaafu:

Sikutaja mtu. Nimesema nguo ya rangi ya chungwa ilionekana mpaka magotini.

Pweza_Mkavu:

NILIOGELEA. Kwenye maboya ya nje kulikuwa na kina, uliza yeyote. Kule ndani ukiogelea tumbo lakwaruza mawe, nilikatwa unyayo huu, nikitaka nawawekea picha. Na nikatoka na unyayo wangu unavuja damu nikapanda baiskeli. Halafu naambiwa viti viko kule!

Mamake_Zai:

Usiweke picha, twala.

Fundi_Spoku:

Tukishafika kwenye baiskeli nami nina langu. Sikutaka kuja hapa lakini mambo yanasemwa upande mmoja. Pale pa kubadilishia, ukitoka majini kushika baiskeli, ndugu yetu alichomoa baiskeli helmeti bado haijafungwa ukanda. Kanuni yajulikana dunia nzima: ukanda kwanza, ndio uguse baiskeli. Pili, mbio za watu wa ridhaa kama sisi huruhusiwi kujibanza nyuma ya mwenzio akukatie upepo. Sasa yeye hakujibanza nyuma ya mwenzio. Alijibanza nyuma ya TUKTUK. Toka Shanzu.

Pweza_Mkavu:

Kusi lavuma usoni, mimi natoka Mtwapa narudi, midomo imejaa mchanga! Ile tuktuk ndiyo iliyonikuta. Barabara ni ya baba yangu niifunge?

Abiria_Watatu:

Kumbe ni wewe!! Hiyo tuktuk ni yangu. Nilikuona kwenye kioo mtu kanikalia mgongoni, ahema, macho mekundu. Nikadhani wanidai chenji. Ndio maana nikaongeza mwendo, samahani bro.

Binti_Kibokoni:

Yesu na Mtume, nimelia 😭

Fundi_Spoku:

Basi mwendo wake wa baiskeli si halali. Tuktuk iliongeza.

Pweza_Mkavu:

Nimefungua uzi juu ya mtu kuniambia viti viko kule. Mbele ya mke wangu. Mbele ya diwani. Hakuna hata mmoja aliyesema "alikosea". Mmoja tu, niambieni!

Mwanakwetu_Likoni:

Alikosea.

Pweza_Mkavu:

Ahsante.

Mwanakwetu_Likoni:

Alikosea, lakini wewe una mke wa kukurekodi. Mimi nimeamka saa nane usiku niwahi feri na baiskeli. Jamaa wa getini akanishika, ati baiskeli haina namba. Baiskeli yapata namba wapi? Nikafika Bamburi nimekosa hata mahamri, yale ya washiriki yameliwa na kamati. Niliona kwa macho, mtu wa kamati ana mahamri sita na bakuli la mbaazi, na medali kavaa. Hajakimbia hata kwenda msalani.

Mamake_Zai:

Kofia nyeupe?

Mwanakwetu_Likoni:

Sitaji mtu.

Chura_wa_Mtwapa:

Kofia nyeupe huyo. Mwaka juzi alinitangazia kifo cha babu yangu na kukosea jina, akataja la mimi. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Watu wakanitazama, nami nikajitazama.

Binti_Kibokoni:

Kwenye nikaha ya binamu yangu alimuita bwana harusi kwa jina la yule wa kwanza. Yule wa kwanza walichumbiana kisha ikavunjika. Ukumbi ulinyamaza mpaka ukasikia feni.

Mamake_Zai:

Laa ilaaha. Ilikuwaje?

Binti_Kibokoni:

Mama mkwe aliomba maji. Mengine si ya kuandikwa hapa.

Pweza_Mkavu:

Mwaona sasa? Mwaona? Na mimi aliniambia VITI VIKO KULE.

Abiria_Watatu:

Tumesikia, mzee.

Pweza_Mkavu:

Usiniite mzee. Nina umri mmoja na Fundi_Spoku.

Fundi_Spoku:

Mimi nisiingizwe. Mimi nilimaliza tao likiwa limesimama.

Harusi_Ya_Mwezi_Huu:

Samahanini, niingilie kidogo. Hivyo viti vya kitambaa vilivyokuwa pale, mwenye navyo ni nani? Nina shughuli Majengo, nahitaji mia mbili, vyeupe, na mafundo ya dhahabu nyuma. Ndugu Pweza, wewe uliyevishika, vilikuwa visafi?

Pweza_Mkavu:

Wallahi nyinyi si binadamu.

Binti_Kibokoni:

Vilikuwa visafi, nilikalia.

Mamake_Zai:

Mwanangu, usichukue vya kitambaa kabla hujaandikishiana. Mimi nilikodi kwa mtu mmoja, naye mwamjua, duka lake lipo lango la soko. Kavileta saa nane badala ya saa nne, vyanuka pilau la watu wengine, kisha wakati wa kurudisha akanitoza vitatu vilivyovunjika. Vilikuja vimevunjika! Shangazi yangu alianguka navyo mbele ya wakwe.

Abiria_Watatu:

Huyo namjua. Hulipia usafiri nusu, nusu ati "tutaonana". Nilimbebea viti kwa tuktuk mara nne nzima kwenda na kurudi Kongowea, mpaka leo hatujaonana.

Harusi_Ya_Mwezi_Huu:

Ya Rabbi, na mimi nishampa malipo ya awali.

Nahodha_Mstaafu:

Kaharibikiwa huyo. Chukua mikeka, wageni wakae chini. Zamani tulikaa chini na ndoa zikadumu.

Harusi_Ya_Mwezi_Huu:

Wageni wa Nairobi hawakai chini, Nahodha. Na mpishi je, mwanipa nani? Nimeelekezwa kwa bibi mmoja wa biryani huku Old Town, anapika sufuria kubwa kubwa.

Mamake_Zai:

Mwenye gari la bluu?

Harusi_Ya_Mwezi_Huu:

Huyo huyo.

Chura_wa_Mtwapa:

USITHUBUTU. Aliwapikia kwetu biryani haina kiazi hata kimoja. Watu mia tatu! Masala mbali, wali mbali, kiazi hakuna. Babu yangu, huyo marehemu niliyetajiwa jina langu, enzi za uhai wake alirudisha sahani.

Mwanakwetu_Likoni:

Kiazi si lazima kwenye biryani.

Chura_wa_Mtwapa:

Umesema nini?

Binti_Kibokoni:

Likoni mna matatizo kuliko feri.

Fundi_Spoku:

Kiazi ni lazima, na kikaangwe kwanza kabla hakijaingia kwenye masala. Mwenye kusema vingine alete ushahidi.

Pweza_Mkavu:

Hivi nyinyi mwajua huu uzi wa nani?

Mwanakwetu_Likoni:

Mama yangu hupika bila kiazi miaka yote na sufuria hurudi tupu. Fundi, njoo Jumapili ule, kisha uandike hapa.

Fundi_Spoku:

Nitakuja. Nakuja na viazi vyangu mfukoni.

Mamake_Zai:

Nami nipitieni, niko njia ya feri. Harusi, mwanangu, wewe mpigie yule bibi leo leo umuulize la viazi mapema, tena akutumie kwa maandishi.